Maji ya Kitanda cha Tano

Huku kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na mtu wa kumlinda, tunayemwita garde-malade, na mtu huyo anabeba sufuria, makaa, mkeka, sabuni na beseni. Hospitali inatoa kitanda na sindano. Mengine yote ni juu yako: kupika bugali, kufua nguo zenye damu, kumshika mgonjwa mkono mpaka chooni, kumwita muganga ambaye hataki kuitwa. Mimi nimelinda wagonjwa wengi. Nilimlinda mume wangu mpaka akafa, nikalinda dada zangu wawili, na watoto sijui mara ngapi. Shule niliachia mwaka wa tatu wa msingi, lakini kazi hiyo hakuna wa kunifundisha. Ndivyo nilivyojiona. Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko upande wetu wa Fizi, inatosha.

Binti yangu wa mwisho alipasuliwa pale ili mtoto atoke. Mtoto alitoka mzima. Siku ya nne kidonda cha mama yake kikaanza kutoa maji ya rangi ya chai, na harufu ikawa ile ambayo mtu wa umri wangu hahitaji kuelezwa. Muganga wa zamu alikuja asubuhi, kijana wa viatu vyeupe vya ncha kali, akafunua pansema, kile kitambaa cha kidonda, akafunika, akaandika kitu kwenye karatasi, simu ikilia mfukoni kila alipoinama.

"Umeandika nini?" nikamwuliza.

"Mama, tunafwata."

Walifwata nini, mimi sikuona. Kesho yake akaja tena, akafunua, akafunika, akaandika. Basi nikafanya ninavyojua. Nilichemsha maji uani, nikatia chumvi, nikafungua kapsule mbili za dawa iitwayo tetra, zile ambazo kila kibanda cha mji wetu wa Baraka kinauza kando ya biskuti, nikamwaga unga wake ndani ya beseni. Kila mwanamke wa rika langu anafanya hivyo. Jeraha la jembe, la mwiba, kitovu cha mtoto, unafungua kapsule na kumwaga. Nilisubiri viatu vyeupe vimalize mzunguko wake, nikachovya kitambaa, nikamwosha binti yangu kidonda, kisha nikalirudisha beseni chini ya kitanda na kulifunika kwa kitenge.

Sale yetu, chumba cha wagonjwa, ilikuwa na vitanda vitano, wote wazazi waliopasuliwa. Cha kwanza, chini ya dirisha, kilikuwa cha binti yangu. Cha pili kilikuwa cha mke wa mfanyabiashara wa dhahabu wa Misisi, aliyekuja na mito mitatu na chupa ya manukato, na siku tatu nzima hakunisalimia. Siku ya nne kidonda chake kilipoanza kumwasha akanikumbuka.

"Mama, na mi uninawishe."

"Leo unaona mi niko mama?"

"Mama, usiniseme. Inaniuma."

Nikamnawisha. Wa kitanda cha tatu alikuwa msichana wa Ubwari, aliyevushwa ziwa tumbo likimkata, na shangazi aliyekuja kumlinda alilala mchana kutwa kama yeye ndiye aliyezaa. Naye nikamnawisha. Wa nne alikuwa mke wa pasta. Dada yake ndiye aliyemlinda, mwanamke wa midomo iliyobanwa, na nilipofika na beseni langu akasimama mbele ya kitanda.

"Apana. Maji ya muntu mwengine mi sitake."

"Kumbe kwa pasta banaogaka maji ya mbinguni," nikasema, na sale nzima ikacheka mpaka wengine wakashika vidonda. Nilifurahi. Nilimdharau mwanamke yule kwa siku zote tulizokaa pale, na kila nilipopita na maji nilimpa neno jingine.

Kitanda cha tano kilikuwa mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia anakugonga. Hapo alilala mwanamke wa kambi ya Lusenda, mkimbizi wa Burundi, na mtoto wake wa kiume. Hakuwa na garde-malade. Mume wake alikwenda kuchimba Misisi akanyamaza huko, na mama mkwe wake alibaki kambini na watoto wakubwa. Alikula kilichobaki kwenye sufuria zetu. Mimi nilimpa sombe, mboga ya majani ya muhogo, mara mbili, tatu, na nilihakikisha kila mtu anaona nikimpa. Na nilimnawisha pia. Yeye wa mwisho.

Niseme sawasawa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Makaa yalikuwa machache, kwa hiyo maji yalikuwa ya beseni moja. Nilianza na binti yangu, nikaenda cha pili, cha tatu, nikaruka cha nne, nikafika mlangoni. Kitambaa kilikuwa kile kile. Nilipofika kwake maji yalikuwa yamepoa na rangi yake haikuwa ya maji tena. Niliiona rangi hiyo. Nilijiambia mkimbizi hachagui.

Yeye alisema, "Murakoze, mukecuru." Asante, bibi. Kila asubuhi.

Katika siku hizo kulikuwa na watu wa labo, yaani maabara, kutoka Bukavu. Walikuwa na sanduku la baridi na vijiti vyenye pamba. Kila mgonjwa alipoingia walimpitishia kijiti, na baada ya wiki wakampitishia tena, kidondani na mahali pengine ambapo sitapataja, na mke wa Misisi aliwatukana kwa ajili ya hapo. Walipitisha vijiti kwenye bomba, kwenye vyuma vya vitanda, hata kwenye mikono ya waganga. Aliyewaongoza alikuwa msichana mwembamba wa miwani, mwenye kuongea taratibu kama mtu anayelisha mtoto. Nilimwuliza anatafuta nini.

"Mama, kuna mikrobe zenye hazisikie dawa tena. Tunataka kujua zinatoka wapi, zinaenda wapi."

"Na ukijua, mutoto yangu atapona?"

"Ile ni kazi ya docteur. Siye tunafwata mikrobe."

"Basi mikrobe iko na muntu ya kuifwata," nikamwambia. "Mugonjwa hana."

Hakukasirika. Watu wa namna hiyo hawakasiriki, na hilo linaudhi zaidi. Alifungua daftari lake akauliza sale nzima kama kuna mtu anayeweka dawa yake kwenye vidonda, ya duka au ya majani. Mke wa Misisi alinitazama. Msichana wa Ubwari alitazama juu. Nilikuwa nimekaa mkekani, mguu wangu umegusa beseni kupitia kitenge.

"Apana," nikasema. "Hapa tunangojaka dawa yenu."

Akaandika. Kwa nini nilidanganya? Wauguzi walikwisha kutufokea mara nyingi kuhusu kapsule, na mimi sikuona sababu ya kufokewa na watoto niliowazidi umri mara tatu. Ni hilo tu. Hakuna sababu nyingine kubwa zaidi, ingawa nimeitafuta.

Baada ya siku chache dokta mkubwa alikuja na karatasi. Kidonda cha binti yangu kilikuwa na mikrobe ambayo haikusikia sindano walizokuwa wakimpiga. Ilibaki dawa moja tu, na hiyo ilitoka Uvira. Mikrobe ya namna hiyo hiyo ilikuwa katika kitanda cha pili, cha tatu na cha tano. Dokta alipotoka, sale ikawa mahakama.

"Iko imetoka wapi?" akauliza mke wa Misisi, na alikwisha kugeuza shingo kuelekea mlangoni.

"Kule kambini banalalaka kumi ndani ya kanyumba kamoja," nikasema mimi. "Ile kitu iko imetoka kule."

"Mukecuru," akasema yule wa mlangoni, polepole, "kidonda changu kilikuwa kikavu."

"Wee unyonyeshe mutoto, unyamaze."

Hakuna aliyenipinga. Shangazi wa Ubwari aliamka kwa ajili ya jambo hilo tu, akakubali, akalala tena. Tulimwita yule wa viatu vyeupe na kumwambia hatutalala na Mrundi mle ndani, naye, ambaye kwa kidonda cha binti yangu hakuwahi kuharakisha hata mara moja, alisukuma kile kitanda mpaka barazani kabla bugali halijaiva.

Jumapili mama mkwe wake akafika kutoka Lusenda, mwanamke mkavu mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alimkuta mkwe wake barazani, akaingia ndani kuuliza kuna nini. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri. Ningeweza kumwambia amwulize dokta. Nilimwambia mwenyewe, nikasema kwa sauti ili walio barazani wasikie: mkwe wako ana mikrobe isiyokufa kwa dawa, ameileta kutoka kwenu, ameiambukiza sale nzima. Na nikaongeza:

"Kama ni mujukuu yangu, ningemutosha kwa ile ziwa ya mama yake leo hii."

Akamtoa mtoto kwa mama yake. Alimfunga mgongoni yule mtoto wa majuma mawili, akaondoka. Mama yake aliwafuata mkono juu ya tumbo mpaka pale kidonda kilipomruhusu, karibu na bomba, akasimama. Dada wa mke wa pasta alitoka akamshika, akamrudisha kitandani. Mimi nilikuwa nikichambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Binti yangu alipona polepole kwa ile dawa ya Uvira. Tukarudi kwetu Baraka. Nililiweka beseni jikoni, na sikuwaza tena habari hiyo kwa miezi mitatu. Naona ni vizuri mtu ajue inawezekana: miezi mitatu mizima unakula, unalala, unakwenda kanisani.

Kisha wakatuita. Watu wa labo walirudi, wakataka waliokuwa wagonjwa na walinzi wao waje hospitalini wasikie walichokiona. Sisi wa Baraka tulifika, mke wa Misisi alifika na gari, mke wa pasta na dada yake walifika. Wa Ubwari hawakuja. Wa Lusenda hakuwepo, na hakuna aliyeuliza. Msichana wa miwani alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mistari iliyogawanyika kama matawi, na kwenye kila ncha kulikuwa na namba.

Alieleza kwamba ndani ya mikrobe kuna maandishi marefu, na walikwenda kuyasoma yote, herufi kwa herufi, kwa mashine. Akasema mikrobe inapozaa inajinakili, na mara moja moja inakosea, na kosa linabaki kwa watoto wake.

"Kama banafunzi," akasema. "Mwalimu akiona banafunzi bane bako na makosa ile ile, fasi ile ile, anajua bamenakili kwa kitabu kimoja."

Hilo nililielewa kuliko dokta aliyekuwa anapiga miayo kando yangu. Mwaka wa tatu nilinakili hesabu kwa jirani yangu, pamoja na kosa lake, na mwalimu alituchapa wote wawili bila kuuliza swali.

"Hii ni familia moja," akaendelea, akigusa namba zilizosongamana kwenye tawi moja. "Kitanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano. Kwa bomba hatukuiona. Kwa vitanda hatukuiona, kwa mikono ya baganga hatukuiona. Na ya tano, siku aliingia tulimupima, alikuwa safi. Alipata humu ndani. Kenye hatuelewe ni kitanda ya ine. Imerukwa. Juu gani imerukwa?"

Wakaanza kusema. Mke wa Misisi, yule yule aliyegeuza shingo mlangoni, alisema yeye tangu mwanzo alijua ni waganga. Wengine wakasema waganga, ndiyo, waganga, hawanawi. Vinywa vilevile. Hakuna hata kimoja kilichosema: basi yule mwanamke tulimwonea. Nilivitazama vinywa hivyo na nilijua kwamba hata mimi, kama si kile kitanda cha nne, ningekuwa nasema pamoja navyo.

Dada wa mke wa pasta aliwageuzia mgongo. Alinitazama tu. Nilitamani anitukane.

Njiani kurudi nyumbani binti yangu, mtoto mgongoni, alinishika mkono.

"Mama, ni beseni?"

"Ni beseni."

"Unyamaze. Hakuna muntu atajua. Kwa ile karatasi yao beseni haikoko."

"Mutoto yake iko wapi?"

"Ya nani?"

"Ya ule wa Lusenda. Mi njo nilisema bamutoshe."

Akakaza kitenge cha mtoto mgongoni. "Utajitafutia haya bure," akasema. "Na miye banitaje, juu ilianzia kwangu."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi nilimlea, woga huo wa aibu aliurithi kwangu.

Asubuhi nilirudi hospitalini nikamkuta yule msichana wa labo anafunga masanduku. Nikamweleza yote: makaa, chumvi, tetra, kitambaa kimoja, nani wa kwanza, nani wa mwisho, na kwa nini cha nne kilirukwa. Niliweza kuona furaha inampanda usoni kama mtu aliyepata funguo zake. Aliandika upesi upesi. Akaniambia unga wa tetra ndani ya maji uliua vidudu dhaifu tu, hii ikabaki na nafasi yote peke yake. Akanishukuru. Akasema nimesaidia sana, kwamba sasa picha imekamilika.

"Na mutoto?"

"Mutoto gani, mama?"

Hakujua. Miezi mitatu amesoma maandishi ya mikrobe herufi kwa herufi, na hakujua kwamba mtoto aliondolewa kwenye ziwa la mama yake mita kumi kutoka kwenye sanduku lake. Nilimweleza. Furaha ikamtoka, nampa haki yake, ikamtoka kabisa. Nikamwomba karatasi yenye muhuri, iliyoandikwa kwamba yule mwanamke aliingia safi, niipeleke Lusenda.

"Mama, hatuna ruhusa. Matokeo ya mugonjwa ni siri. Hata kwetu hana jina, iko namba."

Hapo nikaona nimemaliza naye. Mikrobe ina babu, ina ndugu, ina vitukuu waliochorwa ukutani, na mtu ana namba. Aliniahidi ataongea na dokta wa kambi. Sikungoja aongee. Nilipanda pikipiki siku ile ile, mvua imekata barabara mahali pawili, tukashuka tukasukuma, na nikafika Lusenda matope yamefika magotini.

Nyumba yao niliipata kwa kuuliza nyumba ya yule mama mwenye kitambaa cheusi. Walinionyesha, na mmoja akaongeza bila kuulizwa, "Kule kwenye kuko mukwe mwenye mikrobe." Basi habari ilikuwa imefika mpaka huko.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Mtoto alikuwa mgongoni mwa wifi wa mama yake, akinyonya kidole, shingo nyembamba kupita umri wake. Mama yake hakuwepo pale. Alikuwa anaishi kibanda cha tatu kutoka hapo, kwa mwanamke mwingine aliyemwonea huruma, na mchana alikuwa analima shamba la watu.

"Nakukumbuka," akasema mama mkwe. "Ni weye uliniambia."

"Ni miye."

"Umekuja kusema nini tena?"

Nilitaka kukaa kwanza. Hakunipa kiti. Nikasema nimesimama, na wanawake wa jirani wakasogea, na sikupunguza sauti, kwa kuwa na siku ile sikuipunguza. Nikasema ile mikrobe ilianzia kwa binti yangu mwenyewe. Nikasema labo walimpima mkwe wako alipoingia, alikuwa safi. Mimi ndiye niliyeipeleka kwake kwa beseni na kitambaa changu, nikampa maji ya mwisho, na nikaficha nilipoulizwa. Kisha nikakudanganya wewe.

"Karatasi iko wapi?"

"Banakatala kunipa."

Akaendelea kuchambua. Alitupa kijiwe kimoja, kingine. Jirani mmoja akasema bila karatasi ni maneno tu.

"Muntu hawezi kutoka Baraka, njia ile, aje kujitukana bure," mama mkwe akamjibu bila kuinua kichwa. Kisha akaniambia, "Onyesha mikono."

Nikaionyesha. Miaka mingi hakuna mtu aliyeniambia nionyeshe mikono. Aliitazama upande huu na upande huu, akamtuma mtu alete maji ndani ya jagi na kipande cha sabuni, akasimama juu yangu mpaka nikanawa, na aliponiona nimemaliza akasema nirudie. Wanawake walicheka. Nilirudia.

Walimwita mama wa mtoto kutoka shambani. Alifika na jembe begani, amekonda, akaniona, hakunisalimia. Mama mkwe alimwambia kwa Kirundi maneno machache, sikuyaelewa, akamfungua mtoto kutoka mgongoni mwa wifi, akamkabidhi. Hakumwomba msamaha, na nilielewa hataomba.

Mwanamke akakaa chini hapo hapo matopeni. Alifungua blauzi, akampa ziwa, na halikuwa na kitu. Lilikuwa limekauka tangu zamani. Mtoto alilivuta, akaliacha, akamtazama usoni mtu huyu asiyemjua, akaanza kulia.

Nilisogea. Nimetuliza watoto wengi, mikono ilikwenda yenyewe.

"Weye usimuguse," akasema mama mkwe.

Nikarudisha mikono. Mtoto alilia sana, akajipinda, akageuza kichwa kumtafuta wifi. Wifi akatazama pembeni. Hakuna aliyemchukua kwa mama yake tena.